NVDA miezi nane sasa, na balaa la madesa ya picha

Mi ni mwaka wa pili chuo, sioni kabisa tangu utotoni. Sekondari nimesoma kwa nukta nundu na ile mashine ya Perkins ambayo ukiigonga darasa zima linajua unaandika. Raha yake naijua, ila kitabu kimoja cha wenzetu kwetu kinakuwa mafurushi, halafu kufika chuo ndo hamna kabisa, nikawa naishi kwa hisani ya rumeti kunisomea usiku, siku akichoka ndo basi tena.

Bumu la kwanza, ile hela ya mkopo, nikanunua laptopu yusdi, jamaa akanitilia NVDA, programu inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ni bure, narudia bure, mana niliwahi kutajiwa bei ya programu nyingine ya hivyo nikadhani nauziwa kiwanja. Aliyeianzisha ni Michael Curran wa Australia, 2006, naye haoni, na unasikia kabisa hii kaitengeneza mtu anayeitumia. Hata kwenye fleshi inakaa, unaenda nayo kompyuta za laibrari.

Sauti ya Kiswahili imo humo humo ila jamani, roboti mwenye mafua! Wiki ya kwanza nilitaka kulia, sasa naiendesha spidi mpaka rumeti haambulii neno.

Kilichonitesa ni madesa, yaani notisi za masomo. Desa moja lilikuja PDF, nafungua, kimya, nikajua laptopu imekufa. Kumbe ni fotokopi zilizopigwa picha kwa simu, mwenye macho anaona maandishi, NVDA inakuta picha tupu. Ukibonyeza Insert na R inajaribu kuyatambua, ukurasa ulionyooka unatoka vizuri tu, uliopinda na kidole cha mtu juu yake unatoka uji, na majedwali ndo usiseme. Testi ikanipita hivyo hivyo.

Nikambebea mwalimu laptopu ofisini, nikabonyeza asikie mwenyewe. Akanyamaza, halafu anasema mbona la Word analo. Alikuwa nalo muda wote! Akanirushia WhatsApp pale pale, na vichwa vya mada alikuwa kaviweka kwa staili zake za Word sio kukoleza wino tu, basi nawasha modi ya kuvinjari, nagonga H naruka mada hadi mada.

Nyota tano, nusu nakata kwa sababu ya ile sauti. Ila ukiiweka waombe walimu faili kabla halijaprintiwa, mi CR, kiongozi wa darasa, ndo ananikusanyia, na rumeti siku hizi analala saa nne.