Mgeni Dodoma: ufungue akaunti ipi?

Nina vyumba vya kupangisha Iyumbu, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na katika wapangaji wangu hakosekani Mkenya, Mrundi au Mhindi aliyekuja kufundisha. Wiki ya kwanza huuliza maji yanatoka siku gani. Wiki ya pili: "Mama, benki gani nzuri hapa?" Nami huwarudisha nyuma: una kibali gani mkononi?

Kibali cha ukaazi kina madaraja matatu. A ni cha mwekezaji na aliyejiajiri, B cha mwajiriwa, C cha mwanafunzi, mtafiti, anayejitolea na wengine wa namna hiyo. Ukienda benki na pasipoti yenye viza ya matembezi tu, mara nyingi safari yako huishia dawati la mapokezi. Ukishakuwa na kibali, huu ndio mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza: akaunti ya akiba ya shilingi

Wengi wenu hamhitaji zaidi ya hii. Chagua benki yenye wakala unayeweza kumfikia kwa miguu, maana tawi lililopo mjini kati halikusaidii saa moja jioni ukiwa Iyumbu na LUKU, umeme wa kulipia kabla, imekata. CRDB na NMB zina mawakala hadi kwenye maduka ya mangi, yale madogo ya mtaani, na programu zao za simu, SimBanking na NMB Mkononi, hulipia karibu kila kitu chenye kontroo namba, yaani namba ya malipo unayopewa kwa kila bili. Hapa serikali hulipwa kwa kontroo namba, kwa hiyo utazizoea upende usipende.

Mrundi namwambia aanze kuulizia CRDB, kwa kuwa ina benki tanzu Burundi tangu 2012, na Kongo (DRC) tangu 2023. Mkenya naye hunijia na kadi ya KCB au Equity ya Nairobi akidhani kazi imekwisha. Haijaisha, baba. Jina ni lile lile, lakini ya Tanzania ni kampuni nyingine yenye leseni yake, na akaunti utafungua upya.

Beba pasipoti, kibali, barua ya mwajiri, picha ndogo, na TIN, namba ya mlipakodi, kama unayo. Barua ya serikali ya mtaa huombwa pia. Hapo mwenye nyumba ndiye wa kukupeleka kwa mtendaji wa mtaa, usione haya kumwomba. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, nayo hutoa kitambulisho cha mgeni mkaazi, na ukikipata maswali hupungua. Angalia majina kabla ya kuondoka nyumbani. Mpangaji wangu mmoja alirudishwa mara tatu na benki moja ya mjini kwa sababu pasipoti ilikuwa na majina matatu, barua ya mwajiri mawili.

Ya pili: pesa ya simu

Kwa siku za mwanzo hii ndiyo itakulisha: M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, au Mixx by Yas, ile tuliyoizoea kama Tigo Pesa. Laini husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Nenda duka la kampuni yenyewe, muache kijana wa mwavuli anayesajili laini barabarani aendelee na wateja wengine. Naiweka ya pili kwa sababu ya makato ya kutoa. Mshahara mzima ukipita humo utayaona.

Ya tatu: akaunti ya dola

Inamfaa anayelipwa kutoka nje. Asiyelipwa kutoka nje atakuwa anabadilisha shilingi kuwa dola, kisha dola kuwa shilingi, na kila mara anaacha kitu dirishani. Kumbuka pia kanuni za Machi 2025 zilikataza kutaja bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za humu nchini. Hata kodi yangu ni shilingi. Dola zako ziweke, ila za kutumia uzibadilishe.

Ya nne: akaunti ya hundi

Ya mwenye biashara, yaani wale wa Daraja A. Mwalimu atalipa ada ya mwezi bure.

Ya mwisho kabisa: akaunti ya rafiki

Naitaja kwa kuwa kila mwaka kuna anayeijaribu. Bima ya Amana, ambayo sasa hufidia hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifilisika, humtambua mwenye jina kwenye akaunti, na huyo si wewe. Mpangaji mmoja alipitishia mshahara kwa fundi wake wa pikipiki, fundi akaenda Singida msibani, simu ikawa haipatikani. Fundi alirudi na hela yote, haikupungua hata mia. Lakini kodi ya mwezi ule niliisubiri siku kumi na tisa.