Chandarua cha shule: kitambaa kizuri, maelezo finyu

Mpango wa kugawa vyandarua vyenye dawa kupitia shule ulianzia mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, kusini mwa Tanzania, kwa sababu vyandarua vilivyogawiwa katika kampeni kubwa za nyuma huchakaa na kaya zinahitaji njia ya kudumu ya kupata vingine. Mwanafunzi hukabidhiwa chandarua darasani, akakibeba nyumbani, na hutarajiwa afike pia na elimu ya kujikinga na mbu. Tathmini hii inahusu mizigo hiyo miwili, kwa kuwa chandarua kimoja kilifika nyumbani kwetu Lindi na tumekitumia muda wa kutosha kuujua ubora na upungufu wake.

Chenyewe ni cha pembe nne, cha buluu, chepesi, chenye vitanzi sita juu na pindo imara chini ambalo halijachanika licha ya kuchomekwa chini ya godoro kila usiku. Mshono ni wa kuridhisha. Kwa kitanda cha futi nne kinatosha na kubaki, lakini ukikiweka juu ya kitanda cha futi sita kinavutika mno, mkono wa mlalaji unagusa wavu, na mbu ana uwezo wa kuuma kupitia tundu pale ngozi inapoligusa, hasa dawa ikishapungua. Kamba za kufungia hazikuwamo. Nyumba nyingi za huku hazina dari, kwa hiyo vitanzi hufungwa kwenye pau, na atakayekiangika kwa uzi mwembamba atakiokota kitandani kabla hakujapambazuka. Siku za mwanzo tulipiga chafya kidogo. Tatizo hilo hupungua chandarua kikianikwa kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika, sharti ambalo karatasi ya maelezo imelitaja, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka. Imetaja pia kwamba kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kisianikwe juani.

Lisilotajwa popote ni aina ya dawa iliyomo, na hili si jambo dogo. Mbu wengi wa malaria nchini wameanza kuistahimili dawa ya jamii ya pairethroidi ambayo vyandarua vilitegemea kwa miaka mingi, na utafiti uliofanyika Muleba mkoani Kagera ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO, inayozuia mbu kuivunjavunja dawa mwilini mwake, hukinga watoto vizuri kuliko vile vya kawaida. Baadaye utafiti wa Misungwi mkoani Mwanza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulionyesha vivyo hivyo kwa vyandarua vilivyochanganywa na klofenapiri, dawa ya jamii nyingine ya kuua mbu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza vitumike. Mzazi anayekabidhiwa chandarua mkononi mwa mtoto wake hana namna ya kujua amepewa kipi kati ya hivyo, kwa kuwa lebo iliyoshonwa pembeni ni ya Kiingereza na maandishi yake hufifia baada ya kufuliwa mara chache.

Upungufu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwenye elimu. Karatasi ile ina picha ya mama aliyelala na mtoto mchanga, na kila sentensi yake inazungumzia malaria pekee. Ujumbe huo ni sahihi na umesaidia: maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini yalishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi 7 mwaka 2017. Lakini pwani ya kusini ina ugonjwa mwingine wa mbu ambao watu wanauona kwa macho barabarani, nao ni matende na mabusha. Minyoo midogo inayousababisha huenezwa na mbu wa malaria na pia mbu wale wa kawaida wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, na wote hao huuma usiku, wakati viluwiluwi vya minyoo navyo vinapojaa katika damu ya mgonjwa. Kwa maneno mengine, chandarua hikihiki ni kinga ya busha, na hakuna mahali karatasi inaposema hivyo.

Hasara ya ukimya huo ni kubwa, kwa maana wapo wanaume wa rika langu wanaoichukulia malaria kama homa ya kumeza dawa na kuendelea na kazi, lakini halitajwi busha mbele yao wasinyamaze. Wengine bado wanaamini kwamba busha hutokana na kunywa madafu mengi, na kingatiba, yaani vidonge vya kuzuia ugonjwa huo, inapopita mtaani huimeza kwa kusitasita, kwa kuwa hawaoni uhusiano wowote kati ya vidonge, mbu na uvimbe unaojitokeza baada ya miaka. Sentensi mbili zenye picha ya mzee badala ya mtoto mchanga zingewaingiza chini ya chandarua watu ambao picha iliyopo imewaacha nje.

Homa ya dengue nayo ingefaa kutajwa, ila kwa sababu iliyo kinyume: mbu wake, mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana na huzaliana katika maji safi ya ndoo, vifuu na matairi. Mtu akiugua dengue huku analala kwenye chandarua kila siku, atahitimisha kwamba chandarua ni kazi bure, na hakuna aliyemweleza vinginevyo.

Karatasi haisemi pia kipelekwe wapi kikishachakaa, ndiyo maana vya zamani utaviona vimezungushiwa vitalu vya mchicha au, kwa madhara makubwa zaidi, vikikokotwa majini kuvulia uduvi ilhali dawa yake ni sumu kwa samaki.

Pamoja na hayo yote, mwenye mtoto aliyeletewa chandarua hiki asikiweke kabatini kwa sababu kingine bado kipo. Mwenye kitanda kipana akipeleke kwenye kitanda cha watoto, kisha yeye anunue kikubwa zaidi chenye dawa, na kamba anunue siku hiyohiyo.