Vimeng'enya (enzaimu) ATGL na HSL, nani bosi wa kuvunja mafuta ya panya?
Zamani watu waliamini HSL ndo kila kitu, basi wakazima jeni yake kwa panya wakitegemea watanenepa balaa, wapi, unene haukuja, ila daigliseridi, yaani mafuta yaliyovunjwa nusunusu, zikajazana na madume wakawa tasa (hilo nani alilitegemea?). 2004 ndo ATGL ikatajwa. Hii ukiizima, aisee, mafuta yanajaa mpaka kwenye moyo, panya ukimweka kwenye baridi hajipashi joto, na anakufa mapema moyo ukishindwa. Panya akifunga kula, FoxO1, protini inayowasha jeni, inaipandisha jeni ya ATGL, akila, insulini inaishusha. HSL yenyewe zaidi inasubiri PKA, kimeng'enya kingine, iibandike fosfeti. Mi kura yangu ATGL, ndo inakata asidi ya mafuta ya kwanza, HSL inapokea kijiti tu.