Kununua laptopu: njia za kuchuja, kuanzia ninayoiamini zaidi

Ukiwa na laptopu ishirini kwenye listi usikimbilie kuzipa alama, chuja kwanza. Mimi njia nazipanga hivi.

Ya kwanza ni kima cha chini. Unaandika masharti kabla hujaona hata picha: ramu isipungue giga 8, betri isipungue saa 6, bei isivuke bajeti, ikikosa hata kimoja inatoka, hakuna kuihurumia. Mchumi Herbert Simon alishaliona hili mwaka 1956, kwamba mtu anatafuta kinachomtosha, sio lazima kilicho bora kuliko vyote. Ubaya wake mashine ya saa 5 na dakika 50 inatupwa hata kama kwingine kote inatisha, kwa hiyo weka masharti machache tu, yale ambayo yakikosekana kweli hununui.

Ya pili, kuzidiwa kila upande, wazo la mchumi Pareto: inayoshindwa na mwenzake kwa kila kigezo inatoka. Laptopu ni ghali kuliko mwenzake, nzito kuliko yeye, na betri yake ndogo, sasa inafanya nini kwenye listi? Kihesabu hii ndo safi kabisa, haihitaji uzani (yaani kusema kigezo kipi kina umuhimu kiasi gani) wala maoni ya mtu, ila vigezo vikifika sita saba karibu kila moja inakuwa na kitu inachowashinda wenzake, na mchujo hautoi kitu. Alafu iliyozidiwa usiisahau, huenda ndo namba mbili yako mshindi akiisha dukani.

Ya tatu ni ya mwanasaikolojia Amos Tversky, 1972: chukua kigezo kimoja kimoja, zisizokitimiza zinatoka, mpaka ibaki laptopu moja. Haraka sana, lakini ukibadili mpangilio wa vigezo mshindi naye anaweza kubadilika.

Ya mwisho, jumla ya alama zenye uzani. Watu wanaipenda, mimi siiamini kwenye mchujo kabisa sababu skrini nzuri inaficha betri mbovu. Na kuna mtego. Betri za saa 6, 8 na 10 ukizigeuza ziwe kati ya 0 na 1, ya chini kabisa ipate 0 na ya juu kabisa 1, ya 8 inapata 0.5 na ya 10 inapata 1. Sasa acha humo kimeo kimoja cha saa 2, ya 8 inaruka mpaka 0.75, pengo lake na ya 10 limekatika nusu na laptopu ni zilezile! Kwa hiyo ukiondoa yoyote katikati ya safari, alama zote piga upya.