Uchambuzi wa Glory (1989): iamini kwenye gobori, usiiamini kwenye maandishi ya mwisho

Haya, karibuni tena. Leo tuna Glory, filamu ya mwongozaji Edward Zwick, dakika 122, kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ni habari ya kikosi cha 54 cha Massachusetts: askari Weusi, maofisa Wazungu, na kanali kijana Robert Gould Shaw. Kwetu wenye babu waliotumikia KAR, jeshi la Waafrika chini ya wakoloni Waingereza, mpangilio huo wala hauhitaji maelezo.

Watazamaji wa filamu hii wamegawanyika zamani. Kuna wanaosema hakuna filamu ya vita iliyowatendea haki askari Weusi kama hii. Wengine wanasema steringi ni Mzungu, Weusi ni wasindikizaji. Hoja ya pili ina ukweli wake: filamu imeegemea sana barua ambazo Shaw aliwaandikia watu wa nyumbani kwao, ndiyo maana sauti ya msimulizi ni yake. Ila wanaomlaumu Matthew Broderick kwamba anaonekana mtoto, hapo nawakatalia. Shaw halisi aliuawa akiwa na miaka 25. Hofu ile usoni inamfaa kabisa.

Mimi lawama yangu iko kwingine. Wale wanne tunaowafuata hemani, Trip, Rawlins, Searles na Sharts, wote ni wa kubuni. Denzel Washington alichukua Oscar kwa Trip, na aliistahili. Lakini kikosi halisi kilikuwa na watu ambao hata wangeandikwa kwenye riwaya ungesema mwandishi katia chumvi. Sajini meja alikuwa Lewis Douglass, mtoto wa Frederick Douglass, Mweusi mashuhuri aliyepigania kukomeshwa utumwa, na ndugu yake Charles naye alijiandikisha. Baba yao mnamwona kwenye filamu, watoto hawamo! Kulikuwa pia na Stephen Swails, aliyepigania cheo mpaka akakubaliwa kuwa luteni Januari 1865. Na William Carney, aliyezaliwa utumwani Virginia: pale ngome ya Wagner, ngome ya jeshi la Kusini, aliidaka bendera mbebaji alipoanguka, akajeruhiwa, akairudisha. Medali ya Heshima, nishani ya juu ya ushujaa Marekani, walimpa mwaka 1900. Miaka 37 baadaye.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalioni. Filamu inawafanya askari karibu wote kuwa watumwa waliotoroka. Kikosi halisi, wengi wao walizaliwa huru, majimbo ya Kaskazini. Mtu atasema hiyo ni rangi tu ya hadithi. Hapana, inagusa mfuko wa askari.

Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi sawa na askari Mzungu. Serikali ikaja na 10, kisha ikakata 3 za sare. Mkononi 7. Filamu inaonyesha wakikataa malipo, na tukio lile la kuchana karatasi limechezwa vizuri sana, ila linaisha ndani ya dakika chache kama mgomo wa siku moja. Kikosi halisi kilikaa takriban miezi 18 bila kupokea senti, huku familia zikihangaika nyumbani. Massachusetts ikasema itajazia pengo. Wakakataa hilo nalo, kwa sababu deni lilikuwa la serikali kuu, na walitaka ikiri kwamba wao ni askari kamili. Februari 1864, kwenye mapigano ya Olustee huko Florida, waliingia vitani wakipaza sauti kwa kejeli: Massachusetts na dola saba kwa mwezi!

Bunge likakubali Juni 1864, lakini kwa mtego: malipo kamili tangu siku ya kujiandikisha ni kwa yule tu aliyekuwa huru tarehe 19 Aprili 1861. Aliyekuwa mtumwa siku hiyo anahesabiwa kuanzia Januari 1864. Edward Hallowell, kanali aliyemrithi Shaw, akatunga kiapo: askari aape kwamba siku ile hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumtumikisha bure. Hata aliyetoroka utumwani aliweza kuapa hivyo dhamiri yake ikiwa safi. Hiki kiapo peke yake kingetosha filamu nzima. Ukishawafanya wote watumwa, umeifuta mistari yote hiyo.

Viboko: Trip anapigwa mbele ya kikosi kwa kutoroka kambini kutafuta viatu. Lile chozi moja ndilo linalotajwa na kila mtu. Kama uigizaji, sina neno. Kama historia, Bunge la Marekani lilishafuta viboko jeshini Agosti 1861, mwaka na nusu kabla kikosi hiki hakijaundwa. Na ile Krismasi ya kambini muisahau. Mafunzo ya Readville, karibu na Boston, yalianza Februari 1863.

Pale ambapo filamu ni sahihi mpaka raha ni kwenye bunduki. Ni gobori za Enfield. Hatua zake: unang'ata karatasi ya risasi kwa meno, unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unasukuma risasi, unaishindilia kwa fimbo ya chuma, unairudisha fimbo, unaweka fataki (kile kidude cha kuwashia baruti), unavuta mtambo, unalenga, ndipo unafyatua. Kuruta aliyeiva alitakiwa apige mara tatu kwa dakika. Sharts anapiga shabaha vizuri akiwa ametulia, basi Shaw anamwamuru apakie haraka huku bastola inalia karibu na sikio lake. Vidole vinagoma. Ndivyo ilivyokuwa vitani: mtu anasahau fataki, kwa kelele hajui kwamba bunduki haikulipuka, anashindilia risasi ya pili juu ya ya kwanza. Tukio hilo dogo linaeleza kwata ni ya nini kuliko hotuba zote za filamu.

Shambulio la mwisho, pale ngome ya Wagner, 18 Julai 1863. Linatisha, na sababu ya kushindwa inaonekana: njia ni ukanda mwembamba wa mchanga kati ya bahari na kinamasi, askari 600 hawana pa kutawanyikia. Mizinga ilipigwa mchana kutwa, lakini ngome ya mchanga inameza makombora na walinzi wamejificha handakini. Kosa ni upande. Kwenye filamu bahari iko kushoto kwao. Kikosi halisi kilikimbia kuelekea kaskazini, bahari ikiwa kulia.

Kisha yale maandishi ya mwisho. Yanasema kikosi kilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Hesabu inayokubalika ni takriban 272, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa au kupotea pamoja, si nusu. Yanasema ngome haikutekwa kamwe. Wapi! Adui aliihama usiku wa kuamkia 7 Septemba 1863, jeshi la Kaskazini likaingia. Kuwaacha watazamaji na taarifa hiyo ni uzembe.

Mambo ya kutazamia. Watoto wadogo hapana: dakika za mwanzo tu, kwenye mapigano ya Antietam, kichwa cha ofisa kinapasuliwa na kombora, na baadaye kuna mtu anakatwa kiungo hospitalini. Ilishinda Oscar ya sauti na ya upigaji picha, kwa hiyo spika ya simu itawanyima nusu ya kazi, hasa kwaya ya wavulana wa Harlem kwenye muziki wa James Horner. Vaeni hedifoni. Shambulio la usiku lina giza sana. Kwenye kioo kidogo mtaona moshi tu, basi ongezeni mwanga wa skrini na zimeni taa ya chumbani mapema, tangu askari wanapojipanga ufukweni.