Dodoso la Dahl: njia ya kumwomba mwenzako msaada bila kumpotosha

Kabla ya kulijua dodoso hili, nilikuwa nawaomba msaada wanaisimu wenzangu hivi hivi tu: "Ndugu, samahani, lugha yako ina hali timilifu?" Yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba jambo limekwisha tendeka na matokeo yake bado yapo. Majibu yalikuja upesi, na ndiyo yaliyonipoteza. Huyu akisema ndiyo, anamaanisha kitu kama -me- ya Kiswahili. Yule akisema hapana, ni kwa kuwa sarufi aliyofundishiwa haikulitaja neno hilo. Nikajikuta nalinganisha istilahi za watu badala ya lugha zao.

Dodoso la njeo (wakati wa tendo) na hali (kama tendo limekwisha au linaendelea) la mwanaisimu Östen Dahl, lile alilokusanyia data za lugha 64 kwa utafiti wake uliochapishwa mwaka 1985, halimuulizi mtu istilahi hata moja. Limeandikwa kwa Kiingereza, na lina sentensi karibu 200. Mazingira ya sentensi huelezwa kwanza, kisha kitenzi chenyewe kinaachwa kitupu, kwa herufi kubwa, ili Kiingereza kisimchagulie mjibuji njeo. Kazi ya mwenzako ni kutafsiri kama ambavyo angesema mwenyewe.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya dirisha. Chumbani kuna baridi, dirisha limefungwa, nawe unauliza: wewe KUFUNGUA dirisha? Kwa Kiswahili ukisema "umefungua dirisha?" utachekesha, maana dirisha lenyewe mnaliona limefungwa. Itabidi useme "ulifungua dirisha?" au "ulikuwa umefungua dirisha?" Halafu ipo ya vitabu: mtu anataka kumpa ndugu yako kitabu, anauliza kama kuna alichokwisha kukisoma. Hapo mimi nasema "ndiyo, hiki ameshakisoma". "Alikisoma" haikai vizuri. Nilikuwa natafiti hiyo -sha-, aina ya kiambishi ambacho siku hizi baadhi ya wanaisimu wanakiita iamitivu, kutoka Kilatini iam, yaani "tayari". Sentensi hizo mbili zilinipa zaidi ya yote niliyopata kwa kuuliza "ina au haina?"

Sasa urefu. Mara ya kwanza nilimtumia mwenzangu dodoso zima, Ijumaa jioni, bila haya. Akajibu sentensi 40, kisha kimya. Simlaumu hata kidogo. Mtu ana mitihani ya kusahihisha, mimi namletea sentensi 200 za bure! Tangu hapo nachagua 15 zinazogusa swali langu, nazichanganya na tatu nne zisizohusika ili asinusie ninachokitafuta, na namwambia mapema kwamba ni kazi ya nusu saa.

Tahadhari nyingine ni kwa anayetaka kulitafsiri dodoso kwa Kiswahili, kama nilivyofanya kwa wenzangu wanaotafiti lugha nyingine za Kibantu. Kitenzi kitupu kinapatikana kirahisi, KUSOMA, na kiambishi cha njeo hakipo. Lakini je, uandike KUSOMA au KUKISOMA? Mimi niliandika KUKISOMA, na majibu yakarudi yamejaa viambishi vya yambwa, yaani vya kitu kinachotendewa, kama hiyo -ki- ya kitabu. Nikafurahi, hadi mjibuji mmoja aliponiambia kwamba katika lugha yake kiambishi hicho na kitabu chenyewe havikai pamoja vikifuatana hivyo. Alikiweka kwa kunifuata mimi. Data ya yambwa yote nikaitupa. Kiingereza cha dodoso la asili kina mitego yake pia, lakini huu niliutega kwa mkono wangu.

Na usipokee tafsiri tupu. Omba mstari wa pili wenye mofimu (vipande vidogo vya neno vyenye maana) zimetenganishwa kwa vistari, kwa utaratibu wa Leipzig Glossing Rules, kanuni ambazo wanaisimu hutumia kuonyesha maana ya kila kipande: a-me-sha-ki-soma, na chini yake maana ya kila kipande. Mjibuji asiyezoea atalalamika kidogo. Mvumilie, umtengenezee sentensi mbili za mfano. Bila mstari huo, mtu usiyeijua lugha yake amekutumia maneno ya kutazama tu.

Dodoso hili nalipa, yaani nalitunuku, nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya ukimya wake kuhusu yambwa, ingawa najua halikutungwa kwa kazi hiyo. Wiki ijayo natuma kifurushi kingine kwa wenzangu watatu, sentensi 15 zilezile isipokuwa moja niliyoibadilisha. Ya dirisha ipo, na safari hii ya vitabu imeandikwa KUSOMA.