Geji ya presha ya petroli kwenye VX ya zamani: uzoefu wangu

Gari langu ni Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, ile tunayoiita VX, yenye injini ya petroli ya 1FZ-FE, silinda sita, lita 4.5. Geji niliipata Grogan (Kirinyaga Road, Nairobi, kwa wageni), ndani ya kisanduku cha plastiki kisicho na jina la kampuni, kwa pesa isiyofikia bei ya injekta moja mpya (ile pua inayopulizia injini petroli). Na injekta ndizo nilizokuwa nimeambiwa ninunue. Zote sita.

Gari lilikuwa likiwaka vizuri na kutembea vizuri mjini, hata kwenye foleni ya Lang'ata Road. Shida ilianza ukitoka Magadi, ukishika ule mlima wa kuja Corner Baridi. Unakanyaga mafuta, injini inakohoa, lori lililobeba magadi linakupita. Ukisimama kando kidogo, nguvu zinarudi, halafu zinaisha tena. Fundi wa kwanza aliisikiliza ikinguruma pale yadi kwake tu, akaamua: "Mzee, hizi injekta zimekufa." Wa pili akasema nimeuziwa petroli yenye mafuta ya taa. Sawa, lakini petroli hiyohiyo mbona mjini haina neno? Hakuna kati yao aliyepima chochote.

Kabla geji haijalowa petroli niliipeleka kwa kijana wa pancha, tukailinganisha na geji ya kompresa yake. Tofauti ilikuwa ndogo, nikaiamini.

Kwa injini hii Toyota wanataka psi 38 hadi 44 ukichomoa mpira wa vakiumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye regulata, kile kidhibiti cha presha ya petroli. Ukiurudisha injini ikiwa inanguruma taratibu, presha inashuka kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ule mpira ukiwa na harufu au unyevu wa petroli ndani, regulata imepasuka, usitafute zaidi. Wangu ulikuwa mkavu. Presha yangu ilikuwa 40, na nilipozima injini ikakaa juu ya 21 kwa zaidi ya dakika tano, maana yake hakuna injekta inayovuja. Hapo wengi wangefunga boneti na kusema pampu ni nzima.

Lakini gari halikuwa likisumbua likiwa limesimama. Kwa hiyo nikapanda nayo mlima. Geji nikaibana chini ya waipa, nje ya kioo, na usithubutu kuiingiza ndani ya gari, kwa sababu ule mpira umejaa petroli yenye presha. Mpira wa kwenye kisanduku ni mfupi mno kwa kazi hii; nilitengenezewa mrefu na watu wa mipira ya haidroliki kule Industrial Area. Kizimamoto kilikuwa miguuni mwa ndugu yangu. Tulipoanza kukanyaga sindano ikaanza kuteremka, 40, 35, na kabla hatujafika juu ilikuwa chini ya 25. Ndugu yangu akacheka: "Kaka, injekta zinanyimwa chakula."

Injini ikinguruma tu, inatumia petroli kidogo sana na nyingi inarudi kwenye tangi, hivyo hata njia iliyoziba nusu inatosha. Mlimani haitoshi. Filta ilikuwa mpya. Umeme ulikuwa unafika kwenye pampu vizuri (pima hapo, maana waya wa ethi wenye kutu unaweza kukununulisha pampu bure). Ikabaki tangi. Kile kichujio cha kitambaa chini ya pampu kilitoka cheusi, kimejaa tope la kutu. Tukaosha tangi, tukaweka kichujio na pampu mpya. Mlima uleule sasa sindano haichezi. Injekta ni zilezile za zamani.

Sasa kasoro za geji yenyewe. Uso wake unafika psi 140, kwa hiyo sehemu unayoihitaji imebanana. Kusoma tofauti ya psi mbili ni kukodoa macho. Kitufe cha kutolea presha kinadondosha tone moja moja, weka kitambaa. Adapta nyingi mle ndani hazitakusaidia kwenye Toyota ya umri huu. Unayoitaka ni ile ya boliti yenye tundu katikati, na washa zake (pete za kuzibia) hazimo. Nunua mpya, mbili kwa kila boliti. Ukirudisha zilizokwisha kubanwa zitavuja juu ya injini ya moto. Na toa waya wa betri kabla ya kulegeza chochote.

Mwenye kabureta asiinunue hii: presha yake ni psi chache tu na sindano itasogea kidogo mno kukwambia kitu. Mwenye dizeli pia apite, nozeli zake zinapimwa kwenye mashine ya fundi wa pampu.